Picha unapiga Kariakoo, usingizi Masaki: mastaa wetu, acheni kuwapotosha wageni

Haya wadau, leo tuongee kiutu uzima. Kuna dada mmoja, jina kapuni, mwenyewe anajijua na mashabiki wake watamjua kwa kucha tu, ametoa klipu ndefu ya kuwafundisha wageni pa kulala wakija Dar kwa ajili ya "utamaduni". Anaowalenga ni Wabongo wanaorudi likizo kutoka Houston, London na Muscat, pamoja na majirani zetu wa Nairobi na Kigali ambao siku hizi wanakuja siku tatu nne kubadili upepo. Ushauri wake ni mmoja. Laleni Masaki. Ikishindikana, Oysterbay. Kariakoo mwende mchana, na dereva, milango ya gari imefungwa, saa mbili zinatosha.

Saa mbili! Kariakoo!

Na hayuko peke yake. Kaka mmoja wa Bongo Fleva alikuja Mtaa wa Kongo kupiga video, akapanda juu ya guta, akavua shati, wamachinga wakamshangilia bila kulipwa hata soda. Alipoulizwa kwenye mahojiano kama anaweza kulala mitaa ile usiku mmoja, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kuna na muigizaji wetu mmoja, kila akicheza mtu mwenye shida lazima tumuone amekaa kwenye baraza ya nyumba ya Kiswahili anapeta mchele, ila ndugu zake wakija kutoka nje anawapangishia chumba kinachotazama bahari na kuwaambia huku ndiko Dar yenyewe. Yaani uswazi ni pa kuchumia, ushuani ni pa kulala.

Niseme mapema, mimi na Masaki hatuna ugomvi. Ukija kupumzika, ukitaka upepo, samaki wa kuchoma na watoto waogelee, nenda, hakuna atakayekuuliza. Ila ukishasema umekuja kuona utamaduni wa Dar es Salaam, hapo tushikane mashati. Ukiamka Masaki asubuhi unasikia jenereta la jirani na mlinzi anamwagilia maua. Watu wenyewe wa Masaki hawakai nje ukawaona. Wako ndani ya geti, na wewe uko ndani ya geti lako, mnakutana supamaketi.

Halafu tujiulize, hii Dar tunayojivunia duniani imetoka wapi? Mechi inayosimamisha nchi nzima inaitwa Dabi ya Kariakoo. Haiitwi Dabi ya Masaki. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya mwaka 1936, ikaitwa Sunderland mpaka mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba, na makao yao yako Jangwani na Mtaa wa Msimbazi, pua na mdomo. Mgeni anayelala Gerezani anaweza kutembea kwa mguu kutoka klabu moja mpaka nyingine kabla chai haijapoa, na kila kijiwe atakachopita atapewa historia tofauti ya nani alimfunga nani. Hiyo huipati kwa dereva.

Siasa je? TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, kwenye ofisi ya Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955, Kariakoo ndiyo iliyompokea, nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, kabla hajahamia Magomeni. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha akina mama wa mjini hapa, na vikundi kama hivyo ndivyo vilivyojaza wanawake ndani ya chama. Muziki wa dansi ulioleta heshima nchi hii, watu wazima wakikuhadithia lazima utasikia DDC Kariakoo ikitajwa. Khanga unazowapelekea shangazi zako, bei ya jumla iko Mtaa wa Uhuru. Hata M. G. Vassanji, mwandishi aliyekulia hapa na sasa anaishi Kanada, kitabu chake cha hadithi fupi alikiita Uhuru Street. Kwa hiyo huyo dada anaposema saa mbili zinatosha, mimi naomba ratiba yake niione. Anaanzia wapi, anamalizia wapi?

Lakini kosa kubwa la hizo saa mbili ni kwamba Kariakoo haina sura moja. Ina zamu.

Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, ambazo ndizo saa mgeni wa Masaki hufikishwa baada ya kumaliza mayai yake na kukaa kwenye foleni ya Ali Hassan Mwinyi, ni zamu mbaya kuliko zote. Jua la utosi. Maguta yanapiga kelele za "mguu, mguu". Mizigo ya Wakongo, Wazambia na Wamalawi inafungwa katikati ya barabara, spika za maduka zinagombana, na wewe umekumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Ukitoka hapo unasema Kariakoo ni fujo. Ni kweli, ulichokiona ni fujo. Umefika kwa mwenyeji wakati anafua.

Aliyelala kule ameanza siku kwa adhana ya Mtoro na Manyema. Najua kuna watakaosema adhana inawaamsha. Ndiyo, inaamsha, ndiyo kazi yake. Baada ya hapo anapita muuza kahawa na birika lake juu ya jiko la mkaa, anagonga vikombe. Kahawa chungu na kashata, wazee wako barazani tayari wanachambua kikosi cha Yanga na bei ya dola kwa pumzi moja. Kwenye kona mama ana vitumbua, mwingine ana supu na chapati, na pembeni yuko kijana wa magazeti, wateja wanasoma vichwa vya habari wamesimama bila kununua, naye hana neno. Mitaa iko mitupu. Unaweza kusimama katikati ya Mtaa wa Swahili ukaangalia juu bila kupigwa kikumbo, ukaziona zile nyumba za zamani zilizobaki zimebanwa katikati ya maghorofa ya vioo kama mzee kwenye daladala.

Ukifika soko lenyewe saa hizo ndipo utaelewa kazi ya Beda Amuli, mbunifu mwenzetu, aliyelichora. Paa lake ni la miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini ili ikinge maji ya mvua. Lilifunguliwa mwaka 1975, na mpaka leo ni jengo ambalo wanafunzi wa usanifu wanatoka nje ya nchi kuja kuliangalia. Saa saba mchana hulioni. Unaona migongo ya watu.

Jioni ndiyo zamu nyingine. Mageti ya maduka yakishuka, barabara inageuka jiko. Mishkaki, chipsi, mihogo, supu ya pweza, juisi ya miwa, na ukisogea upande wa Mtaa wa Libya moshi wa kuku wa mkaa unakupokea kabla hujauliza. Drafti na bao vinatoka. Kaa kwenye benchi moja utasikia Kiswahili cha Lubumbashi, Kikomoro, Kikachi na Kichaga, wote wanabishana kuhusu chaji ya simu. Kuna watu wanalipa nauli ya ndege kwenda kutafuta hilo nchi za watu. Sisi tunawaambia wageni wetu waondoke kabla ya saa kumi ili wasikose machweo Masaki.

Sasa nakuja kwenye usalama, maana najua ndiko mtakakonirukia.

Vibaka wapo. Simu mkononi ukiwa unatazama juu, utaiaga. Kelele zipo, na maji ya mvua yakijaa Jangwani wote tunajua kinachotokea. Na kuna mazito zaidi ambayo mtu mwenye akili hawezi kuyaficha. Usiku wa Julai 10, 2021, soko liliungua. Asubuhi ya Novemba 16, 2024, ghorofa lilianguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengine wakikaa chini ya kifusi wanawasiliana na ndugu zao kwa simu huku vijana wa mtaani wakichimba kwa mikono. Rais aliagiza majengo ya eneo lile yakaguliwe. Kwa hiyo mimi simwambii mtu alale popote ilimradi ni Kariakoo. Ukifika, kabla hujaulizia intaneti, uliza ngazi ya pili iko wapi. Angalia kama kizimamoto kipo na kama kina tarehe. Chukua chumba cha chini chini na cha upande wa nyuma, hata kama kinatazama ukuta. Ukikuta kiwanja cha jirani kinachimbwa msingi wa ghorofa, hama siku hiyohiyo, usisubiri kurudishiwa hela.

Ila tahadhari na dharau ni vitu viwili, wadau. Anayekwambia kagua ngazi anakujali. Anayekwambia usilale kule kwa sababu "kule ni Uswahilini" anarudia sentensi ya mkoloni neno kwa neno. Enzi za Mjerumani, na Mwingereza akaendeleza, mji huu uligawanywa kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni kwao, Uhindini katikati, Uswahilini kwetu. Pale Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kama mkanda wa kutenganisha. Oysterbay ikapangwa kuwa makazi ya Wazungu. Baada ya Uhuru ramani ile tuliifuta, mwenge wa kumbukumbu tukausimika palepale Mnazi Mmoja, na leo dada yetu ameichora upya kwa simu akiwa na taa ya mduara mbele yake. Wala hajui kama amechora. Hilo ndilo linaloniuma, maana yeye mwenyewe, kwa maneno yake kwenye mahojiano ya zamani kabla hajabadilisha lafudhi, amekulia uswazi.

Linganisha na Unguja. Hakuna anayemcheka mgeni anayelala Mji Mkongwe, ingawa vichochoro ni vilevile, adhana ni ileile na paka ni walewale. Nyumba za zamani za kule zimegeuzwa mahoteli, na tangu mwaka 2000 mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sisemi kila kitu kimeenda sawa, wenyeji wengi wamesukumwa pembeni na hilo ni somo lingine. Ila mwenye nyumba ya kale Unguja akipiga hesabu anaona ina faida ikibaki imesimama. Mwenye nyumba ya Kiswahili Kariakoo, ile ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku na baraza mbele, anapiga hesabu gani? Kiwanja ni dhahabu, anayekuja kugonga hodi ni mtu wa kujenga ghorofa la fremu na stoo. Simlaumu hata kidogo, ana watoto. Lakini kama wageni wangekuwa wanakuja kulala na kulipia ile baraza, angalau mmoja katika mtaa angesita. Nyumba hizi zinapungua kila mwaka. Klipu moja ya mtu mwenye wafuasi wengi ingeweza kuleta wateja wa nyumba mbili tatu, na yeye akaitumia kutangaza bwawa la kuogelea.

Na hela nayo inatembea tofauti. Mgeni wa Masaki analipa hoteli, analipa gari, basi. Mgeni wa Kariakoo kabla ya saa tatu asubuhi ameshampa muuza kahawa, mama vitumbua, kijana wa magazeti, fundi viatu na dereva bajaji, na bado kwa bei ya usiku mmoja wa ushuani mara nyingi analala siku kadhaa na chenji inabaki.

Haya, ukae wapi hasa? Hapa ndipo na mimi nina upendeleo wangu.

Kariakoo yenyewe, epuka kulala mbele ya Kongo, Msimbazi na Mkunguni, hutapata usingizi, na sasa biashara ya saa 24 imeshapigiwa debe. Shuka upande wa Gerezani. Kituo cha mwendokasi kiko pale, stesheni ya SGR haiko mbali, yaani mtu anaweza kutoka Dodoma kwa treni na akafika kitandani bila kuona teksi. Mtaa uliokuwa ukiitwa Kipata, leo Kleist Sykes, uko huko, na bado kuna sehemu unaona watu wameketi barazani jioni kama zamani. Gesti nyingi zimezoea wafanyabiashara, kwa hiyo usitegemee maua mezani. Utapata shuka safi, feni inayokwenda, na mhudumu ambaye atakwambia kwa uwazi mtaa gani usipite usiku. Mwamini huyo kuliko mimi.

Kwa mwenye woga, au anayekuja na mama mkwe, Mchafukoge na Kisutu. Jina Mchafukoge lisikutishe, ni tamu kuliko majina yote ya kata mjini hapa. Huku ndiko kulikokuwa Uhindini, na ukinyanyua macho utaona mwaka wa ujenzi umechorwa juu ya kuta za mbele za nyumba, mahekalu ya Wahindu yako Mtaa wa Kisutu, Jamatkhana ya Waismailia iko Mtaa wa Mosque, Msikiti wa Kitumbini uko hatua chache. Asubuhi chai ya maziwa na bajia. Kutoka hapo unakwenda kwa mguu Sanamu ya Askari, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale la Sultani Majid, Makumbusho ya Taifa, boti za Unguja na samaki wa Feri, na ukigeuka upande wa pili unavuka Bibi Titi na Mnazi Mmoja uko Kariakoo. Kwangu mimi hapa ndipo penye kitanda bora cha mgeni wa siku tatu, na nashangaa hakuna staa anayepataja.

Upanga ni pazuri, pametulia, miti ipo. Pa kuugulia.

Posta wengi hupachagua kwa sababu ya maghorofa marefu. Msipachague. Mchana ni ofisi, saa mbili usiku ni walinzi na mbwa. Utalipa bei ya Masaki ukapata upweke wa makaburini.

Nimeona wengine wanasema mgeni wa diaspora hawezi, kashazoea raha. Jamani. Huyo mgeni huko aliko anapanda treni saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi kwenda zamu. Alikotoka kabla ya kupanda ndege ni Magomeni, Ilala, Buguruni. Ukitaka kumuona akitoa machozi mpe chapati ya maji na mchuzi kwenye sahani ya bati, halafu umuulize kama anataka kurudi Masaki kulala. Watoto wake aliowazaa huko ndio wanaohitaji zaidi kuliko yeye, maana Kiswahili chao ni cha kwenye simu ya bibi. Wakilala nyuma ya geti siku nne wataondoka na picha za machweo.

Na yule kaka anayewatembeza wageni kwa malipo, anayeiita ziara yake "safari ya Kariakoo" kama tunakwenda kuangalia nyumbu, nina ombi. Awafundishe kusoma vibao vya mitaa. Jina Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza vita ya kwanza ya dunia na kambi yao ikawa hapa. Nairobi nao wana Kariokor yao, chanzo kilekile. Ukisogea kidogo unakuta Mtaa wa Narung'ombe, unakuta Mahiwa. Hizo ni sehemu za kusini ambako mwaka 1917 Mwingereza na Mjerumani walipigana vibaya, na wapagazi wetu walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, bila kaburi lenye jina. Leo kwenye mitaa hiyo hiyo kijana amelaza kichwa kwenye guta lake mchana anasubiri mzigo, na gari lenye vioo vyeusi linapita, mgeni anapiga picha kupitia dirishani.

Jumapili asubuhi maduka mengi yamefungwa na mitaa inapumua. Ndiyo siku nzuri kuliko zote za kutembea na vibao hivyo. Dada yetu akitaka kutengeneza klipu ya pili, saa moja asubuhi Narung'ombe hakuna foleni, dereva hamhitaji, na kahawa nitalipa mimi. Aje na viatu vya chini.